Nilivyoonja Divai Kongwe ya Bordeaux

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu ambao dini au nadhiri zao haziwaruhusu kuonja kileo cha namna yoyote, na makala haya hayana nia ya kumshawishi mtu. Nayaandika kwa sababu katika safari yangu ya Ufaransa, mezani pa mzee mmoja, nilijifunza jambo juu ya ushahidi ambalo askari wa zamu, polisi wa upelelezi, na hata mama anayechagua samaki sokoni watalitambua mara moja.

Mwezi wa Oktoba 2023 nilikuwa miongoni mwa watumishi wa serikali waliokwenda mji wa Bordeaux kwa mafunzo ya majuma matatu juu ya utunzaji wa kumbukumbu za ofisi. Tulitoka nchi mbalimbali za Afrika. Mchana tulikaa darasani, na siku za mapumziko tulitembea kuuona mji.

MJI WA MWEZI

Bordeaux uko kusini-magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Garonne. Tangu mwaka 2017 treni ya mwendo wa kasi hutoka Paris na kufika huko kwa saa mbili na dakika chache. Mto hujipinda mbele ya mji mfano wa mwezi mwandamo, na ndiyo maana bandari yake huitwa Bandari ya Mwezi. UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007 kwa jina hilohilo. Maji ya mto si ya buluu kama ya kwenye picha za kalenda. Yana rangi ya chai ya maziwa kwa wingi wa matope, yakanikumbusha mto Manafwa wakati wa masika. Juu yake limelazwa daraja la mawe lenye matao 17, lililomalizika mwaka 1822.

Divai ndiyo iliyoupa mji huu jina duniani. Mwaka 1152 Bibi Eleanor, mrithi wa nchi ya Aquitaine, aliolewa na Henry Plantagenet, ambaye miaka miwili baadaye alitawazwa kuwa mfalme wa Uingereza. Kwa miaka mia tatu Bordeaux ukawa chini ya wafalme wa Uingereza, na meli zilizosheheni mapipa zikawa zinashuka mto kwenda kuwanywesha Waingereza. Utawala huo ulikoma mwaka 1453, lakini biashara haikukoma.

Hata hivyo uzuri wa majumba ya mawe yaliyopangwa kando ya mto si habari yote. Sehemu kubwa ya utajiri wa karne ya 18 ilitokana na sukari ya makoloni, na sukari ilitokana na watumwa. Safari za utumwa takriban 480 ziliandaliwa na wafanyabiashara wa bandari hii. Mwaka 2019 mji ulisimamisha kando ya mto sanamu ya mwanamke aitwaye Modeste Testas. Alizaliwa Ethiopia, akatekwa akiwa msichana, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akapelekwa ng'ambo kwenye nchi ambayo leo ni Haiti. Nilisimama mbele ya sanamu hiyo muda mrefu. Nilikuwa nimetembea siku nne nikiyasifu majumba yale kabla ya kujua yalijengwa kwa nini.

NCHI YA CHANGARAWE

Mwenyeji wetu katika jambo hili la divai tulimpata kwa njia ya ndugu mmoja mzaliwa wa Bukavu, muuguzi wa hospitali, ambaye ameishi Ufaransa miaka mingi. Tulikutana naye kwenye tramu. Aliposikia tunazungumza Kiswahili aligeuka ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Jumamosi iliyofuata alituchukua watu wanne kwenda Pauillac, mji mdogo ulio kama kilomita 50 kaskazini mwa Bordeaux, kumwamkia mzee aliyewahi kuwa jirani yake. Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu, na baba yake alikuwa mkulima wa mizabibu.

Njia ya kwenda huko hufuata mlango wa mto uitwao Gironde, ambamo Garonne na Dordogne hukutana na kwenda baharini. Nchi hiyo huitwa Médoc. Mtu wa Mbale akiitazama ardhi yake atasikitika, kwani ni changarawe tupu. Mahindi yangetoa mabua ya kuaibisha. Lakini mzabibu uitwao Cabernet Sauvignon huipenda changarawe. Maji ya mvua hayatuami, mizizi hulazimika kwenda chini sana, na mawe hutunza joto la jua. Ng'ambo ya pili, upande wa Saint-Émilion na Pomerol, kuna udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, na huko hustawi zaidi mzabibu uitwao Merlot. Divai nyekundu ya Bordeaux aghalabu ni mchanganyiko wa aina hizi mbili pamoja na nyingine chache. Hulazwa katika mapipa ya mti wa mwaloni yenye ujazo wa lita 225, kisha hutiwa chupani na kuachwa izeeke.

Mwaka 1855 Mfalme Napoleon wa Tatu alitaka divai bora zipangwe kwa madaraja kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya Paris. Mawakala wa biashara wakazipanga nyekundu katika madaraja matano, wakifuata hasa bei ambazo zilikuwa zimeuzwa kwa miaka mingi. Orodha hiyo ingali inatumika. Badiliko lake lililo mashuhuri ni la mwaka 1973, pale Château Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Hebu fikiri, ndugu msomaji: cheo kilichotolewa kabla babu wa babu zetu hawajamwona Mzungu bado kinapanga bei ya chupa dukani leo.

Nilifurahi kugundua kwamba nchi hiyo imetugusa sisi wakulima wa kahawa pasipo kujua. Wakulima wa Médoc walikuwa na desturi ya kunyunyizia mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili rangi yake mbaya iwaogopeshe wapita njia wenye mikono mirefu. Katika miaka ya 1880 mtaalamu Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona kwamba mizabibu hiyo iliyonyunyiziwa haikushikwa na ugonjwa wa ukungu wa majani. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza dawa ambayo mpaka leo hujulikana kwa jina la Bordeaux. Dawa za shaba za jamii hiyo ndizo zilizokuja kutumika Afrika Mashariki kupambana na kutu ya majani ya kahawa. Nikiwa mtoto, mikono ya baba yangu ilikuwa ya buluu kila msimu wa kunyunyizia.

Wala wakulima wa Bordeaux si matajiri wote. Majina makubwa ni machache, na nyuma yake wako maelfu wanaouza kwa bei isiyorudisha gharama. Mwaka 2023 palitangazwa mpango wa kuwalipa wakulima euro 6,000 kwa kila hekta ya mizabibu watakayoing'oa, kwa kuwa divai imezidi na wanywaji wamepungua. Tulipopita niliona mashamba yaliyokuwa matupu, mashina yamelundikwa pembeni tayari kwa moto. Mwana wa kahawa anajua uchungu wa picha hiyo.

MEZANI PA MWALIMU

Mzee alitupokea mlangoni akiwa amevaa tai. Alisema kwa kupitia kwa muuguzi wetu kwamba mwalimu akipokewa na mwalimu hana haja ya kujieleza, kwani alikwisha kuambiwa kwamba nami nilipata cheti cha ualimu kabla ya kuhamia ofisini. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Katikati zilisimama chupa mbili za divai nyekundu kutoka Saint-Estèphe, kijiji cha jirani, za mavuno ya mwaka 1996. Shamba lenyewe sitalitaja. Alinunua sita za mavuno hayo kwa kuwa bintiye alizaliwa katika mwaka huo, na hizo zilikuwa mbili kati ya tatu zilizobaki. Ya tatu aliiweka kwa arusi ya binti huyo, iliyokuwa ifanyike baada ya miezi michache.

Kisha akatueleza kwa nini alituita. Mwaka 2020 alishikwa na maradhi ya korona. Alipona, lakini pua yake haikurudi kama ilivyokuwa. "Ulimi wangu bado unanieleza uchachu na ukakasi," alisema, "lakini harufu imenyamaza. Nataka kujua kama divai hii ingali hai, ili nisimpe mwanangu siki siku ya arusi yake. Nyinyi ndio pua yangu leo."

Alizisimamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie chini. Alikivuta kizibo cha kwanza taratibu, kwani kizibo cha miaka mingi huvunjika kama biskuti. Akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akaimimina divai katika jagi la kioo pasipo kutikisa mkono. Mwanga ulipoonyesha mashapo yanaikaribia shingo, akaacha. Kiasi cha vidole viwili kikabaki chupani, naye hakukijali.

CHUPA YA KWANZA

Tulipewa bilauri zenye tumbo, tukatiliwa kidogo. Tukatazama, tukanusa. Na hapo moyo wangu ukashtuka, kwa maana harufu ile niliijua. Ilikuwa harufu ya gunia lililolowa.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mvua ilivuja katika stoo yetu ikalilowesha gunia moja la kahawa. Baba alilianika juani siku tatu mpaka punje zikalia kama kokoto. Mnunuzi alipokuja aliingiza mkono guniani, akaleta kiganja puani, akalisukuma gunia pembeni bila neno. Kwa macho kahawa ile ilikuwa safi kabisa. Tangu siku ile naijua harufu ya ukungu uliojificha: ni kama boksi la karatasi lililolowa, ama nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka.

Lakini nilisema nini? Mwenzangu wa kwanza alisema, "Ajabu kubwa!" Wa pili akasema anasikia matunda. Wa tatu akatikisa kichwa kwa heshima. Nami nikaitazama chupa, nikasoma maandishi ya dhahabu, nikawaza kwamba mtoto wa mkulima kutoka milima ya Masaba hana haki ya kuikosoa divai ya Bordeaux nyumbani kwa Mfaransa. Nikasema, "Ni nzuri sana, Mzee."

Uso wake ukang'aa. Akasema, "Basi ile ya tatu naipeleka arusini bila wasiwasi."

Ndugu msomaji, niliona haya kama mtu aliyeapa mahakamani na kusema asiyoyaona. Mzee huyu hakuhitaji adabu yetu. Alihitaji pua zetu, nasi tulimpa kile tulichosoma kwenye karatasi ya chupa. Nilikaa kimya pengine dakika mbili, nazo zilikuwa ndefu. Hatimaye nikamwomba muuguzi anitafsirie neno kwa neno: "Mzee, unisamehe. Sikusema kweli. Naona divai hii ina harufu ya ukungu, kama gunia la kahawa lililonyeshewa."

Kimya kikatanda. Mzee akachukua kizibo, akampa muuguzi anuse. Muuguzi akanusa, akainamisha kichwa akakubali. Mzee akalisogeza jagi pembeni polepole, kama baba yangu alivyolisogeza gunia lile. Kisha akanipa mkono juu ya meza. "Afadhali leo kuliko arusini," alisema.

Alitueleza kwamba kosa hilo si la mkulima wala la mwenye kuitunza chupa. Kizibo ni gome la mti, na mara nyingine ukungu huacha ndani yake kemikali ambayo sehemu chache katika sehemu trilioni zatosha kuiharibu divai. Haimdhuru mnywaji, ila huiua harufu. Nayo huteua chupa moja ikaiacha jirani yake, kwa hiyo chupa moja mbovu si ushahidi juu ya nyingine zote.

CHUPA YA PILI

Basi akaifungua chupa ya pili. Safari hii alisema, "Anza wewe. Nieleze kama unavyomweleza kipofu rangi ya machweo." Nami nikafuata hatua zake moja baada ya moja, ambazo nazitoa hapa kwa faida ya msomaji.

Kwanza, jicho. Unaiinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe na kutazama ukingo wa divai. Divai changa ina rangi ya zambarau mpaka ukingoni. Iliyokomaa hugeuka, na ukingo wake huwa wa rangi ya tofali. Hii ilikuwa nyekundu katikati na tofali ukingoni, nayo ilikuwa angavu. Kama ingekuwa ya kahawia yote, tungekuwa na shaka kwamba siku zake zimepita.

Pili, pua. Unanusa kabla ya kuitikisa bilauri, kisha unaizungusha na kunusa tena. Mara hii gunia halikuwapo. Nilimweleza nilichokipata: kwanza jambula lililoiva, lakini kwa mbali; kisha tumbaku kavu, ubao wa mwerezi uliorandwa sasa hivi, mshipi wa ngozi wa zamani, na mwishoni majani makavu msituni baada ya manyunyu. Mzee alifumba macho. Alisema kwamba katika ujana wake divai hiyo ilikuwa na matunda mengi, na kwamba tumbaku, ngozi na majani makavu ndiyo lugha ya uzee wake.

Tatu, ulimi. Unachukua funda dogo, unaliacha lizunguke kinywa kizima, unavuta hewa kidogo, kisha unameza au unatema chomboni. Divai changa ya Médoc hukamata ufizi kwa ukakasi, mithili ya ndizi mbichi au chai iliyosahauliwa birikani. Ukakasi huo hutokana na tanini za maganda na mbegu za zabibu. Kadiri miaka inavyopita, tanini hushikamana na baadhi yake huzama chini zikawa mashapo. Katika divai hii ukakasi ulikuwepo bado, ila laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na uchachu uliishikilia isilegee. Katika hili Mzee hakunihitaji. Ulimi wake ulikwisha kumwambia.

Nne, kumbukumbu. Baada ya kumeza unahesabu sekunde ambazo ladha inakaa. Wafaransa wana neno la kipimo hicho, caudalie, yaani sekunde moja ya ladha inayobaki. Nilihesabu kumi na mbili.

"Hukumu yako?" aliuliza. Nikajibu kwamba ingali hai, imekomaa, ila matunda yake yanaanza kuaga, kwa hiyo isingoje miaka mingine mingi. Na juu ya chupa ya tatu nilisema hakuna ajuaye mpaka ifunguliwe. Basi afungue mapema siku ya arusi, ainusishe kwa mtu asiyeogopa kusema, na awe na chupa nyingine ya akiba. Mzee akacheka kwa sauti, akaandika maneno hayo katika daftari lake.

MAANDISHI NA KWELI

Wakati wa kuagana muuguzi alinisimulia jaribio lililochapishwa mwaka 2001 na wataalamu Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu. Waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai hapo Bordeaux divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaomba waeleze harufu yake. Wanafunzi waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho liliitangulia pua, pua ikakubali kuongozwa. Nikaona kwamba mezani mwetu tulidanganywa na maandishi ya dhahabu kwa njia ileile, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuinusa kweli kabla ya kuikana.

Wengi wetu hatutaifungua chupa ya mwaka 1996 maishani, na hatupungukiwi kitu. Bei ya chupa kama hizo hutosha kununua vitabu vya shule vya watoto kadhaa, na mtu aliye kazini na silaha au usukani hapaswi kugusa kileo hata tone. Lakini kila siku tunaonja: unga wa posho, maziwa ya mtoto, malwa ya sherehe, taarifa ya shahidi, sifa za mgombea. Mara nyingi maandishi hufika kabla ya harufu, na wenzetu huwa wamekwisha kusifu kabla hatujafungua kinywa.

Miezi kadhaa baadaye nilipokea picha kutoka kwa muuguzi wetu. Bibi arusi ameshika bilauri, na nyuma yake Mzee amesimama na tai yake. Chini ya picha palikuwa na maneno machache: chupa ilifunguliwa saa nne asubuhi, ikanuswa na watu watatu, nayo ilikuwa nzima.